Muuguzi wako amepata dozi ya nyongeza? Una haki ya kuuliza

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mara nyingi tunautumia msemo huu kumwonea huruma mganga: anayewatibu wengine naye akiugua humhitaji mwenzake. Leo, mpenzi msomaji, naomba tuutazame kwa upande wako wewe mgonjwa, na wewe mzazi unayembeba mtoto kila mwezi kumpeleka kliniki. Mganga asipojikinga, hasara si yake peke yake. Inakufikia na wewe, na pengine usijue imetoka wapi.

Nazungumzia chanjo, hasa ile dozi ambayo watu wengi huiacha njiani: dozi ya nyongeza. Ya kwanza walichoma, wakapewa kadi, wakarudi kazini. Walipoambiwa warudi kwa nyingine, wakasema "nitakuja kesho", na kesho hiyo haikufika. Kati ya watu hao wamo wauguzi, matabibu, wakunga, wataalamu wa maabara na wanaofanya usafi wodini.

Hoja yangu ni hii. Mhudumu wa afya anayegusa miili ya wagonjwa ana wajibu wa kukamilisha chanjo zake, pamoja na nyongeza pale inapotakiwa. Mwajiri wake ana wajibu mkubwa zaidi: kumfikishia chanjo hiyo na kumjibu maswali yake. Na wewe unayehudumiwa una haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga. Lakini mashaka ya mhudumu yasiwe sababu ya mtoto wako kukosa dozi yake.

Kinga nyingine waja leo, waondoka leo

Watu wa Tanga mnaujua msemo wa mji wenu, waja leo waondoka leo. Basi na kinga za mwili ziko za namna hiyo, na ziko zinazokuja zikahamia moja kwa moja.

Chukua mfano wa sungusungu wa mtaa. Dozi ya kwanza ya chanjo ni kama kuwaonyesha sura ya mwizi. Wanaikariri na wanaanza doria. Miezi ikipita bila mwizi kutokea, doria inalegea. Dozi ya nyongeza inawakumbusha ile sura, na safari hii wanatoka wengi zaidi na kwa haraka zaidi.

Si kila chanjo inahitaji hivyo. Homa ya manjano ni dozi moja. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kwamba dozi hiyo inatosha kwa maisha yote kwa watu wengi, na tangu Julai 2016 cheti chake hakina tena mwisho wa miaka kumi. Homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, na mtu mzima mwenye afya njema aliyezikamilisha kwa kawaida hahitaji kuongezewa. Pepopunda ni tofauti. Mama asiye na kumbukumbu za chanjo za utotoni huhitaji dozi tano. Dozi ya kwanza peke yake haimkingi vya kutosha. Ya pili, baada ya wiki nne, humpa kinga ya takriban miaka mitatu. Ya tatu, baada ya miezi sita, miaka mitano. Ya nne, baada ya mwaka, miaka kumi. Ya tano, baada ya mwaka mwingine, humlinda kipindi chote cha uzazi.

Nimeyaeleza haya ili ukisikia mtu akisema "hawa kila siku wanaongeza sindano, hakuna mwisho", umjibu. Kila chanjo ina hesabu yake, na hesabu hiyo hutokana na kuwafuatilia watu kwa miaka na kuona kinga inashuka lini.

Watoto wa Korogwe walitufundisha

Ushahidi wa thamani ya dozi ya nyongeza hauhitaji kutafutwa ng'ambo. Sehemu yake imetoka hapa hapa mkoani.

Kuanzia mwaka 2009, watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Bagamoyo, walishiriki katika utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Ulifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika na ulihusisha watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2015. Watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walipewa dozi tatu, moja kila mwezi. Kisha baadhi yao wakapewa dozi ya nne, mwaka mmoja na nusu baada ya ile ya tatu.

Tazama tofauti. Kwa malaria ya kawaida, waliokomea dozi tatu walipunguziwa ugonjwa kwa takriban asilimia 28 katika miaka minne, na walioongezewa ya nne kwa asilimia 36. Kwa malaria kali, ile inayomlaza mtoto na kumwongezea damu, tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Ukihesabu kipindi chote, waliokosa nyongeza hawakubaki na faida yoyote ya maana. Walioipata walipunguziwa malaria kali kwa karibu theluthi moja.

Ndiyo maana WHO ilipoipitisha chanjo hiyo Oktoba 2021, ilisema ni dozi nne, si tatu. Somo hilo lilitokana na damu ya watoto wa Korogwe na uvumilivu wa mama zao. Litakuwa jambo la ajabu kama mhudumu wa mkoa huu huu ataiona dozi ya nyongeza kuwa kitu cha hiari cha kupuuzwa.

Dozi moja ilipogeuka mbili

Sasa tuje kwenye Uviko-19, maana hapo ndipo neno "nyongeza" lilipoingia midomoni mwa watu.

Tukumbuke mwendo wenyewe. Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo hizo hadharani, na wizara haikuwa na mpango wa kuzileta. Miezi sita baadaye mambo yakawa mengine. Tarehe 24 Julai 2021 zilipokewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Waliowekwa mbele ya foleni ni wahudumu wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Chanjo ilikuwa ya hiari, na kila aliyechanjwa alijaza fomu ya kukubali.

Jiweke katika nafasi ya muuguzi wa Pangani au Mkinga wakati huo. Mwanzoni mwa mwaka alisikia kwamba chanjo hazifai. Katikati ya mwaka akaambiwa awe wa kwanza kuchanjwa, kisha awashawishi wengine. Akaambiwa pia kwamba sifa kubwa ya Johnson & Johnson ni kwamba ukichoma mara moja umemaliza. Desemba mwaka huo huo wataalamu wa WHO wakashauri dozi ya pili ya chanjo hiyo, miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza. Ndugu msomaji, hapo hata mimi na wewe tungeuliza: mbona mlisema moja inatosha?

Tatizo halikuwa la Tanzania peke yake. Novemba 2021 ofisi ya WHO ya Afrika ilitangaza kwamba katika nchi 25 zilizotoa takwimu, asilimia 27 tu ya wahudumu wa afya ndio waliokuwa wamekamilisha chanjo ya Uviko-19. Hiyo ni takriban mmoja kati ya wanne. Kumbuka hapo tunazungumzia chanjo za awali, nyongeza bado. Sehemu ya sababu ilikuwa uhaba, kwa kuwa nchi tajiri zilijaza maghala yao kwanza. Sehemu nyingine ilikuwa mashaka.

Jibu la swali la muuguzi lilikuwapo, ila halikumfikia ipasavyo. Afrika Kusini, wahudumu wa afya zaidi ya 470,000 walipewa dozi moja ya Johnson & Johnson mwanzoni mwa mwaka 2021 katika utafiti uitwao Sisonke. Kuanzia Novemba zaidi ya laki mbili kati yao wakarudi kwa dozi ya pili. Wiki chache baadaye kirusi cha Omicron kikalipuka. Walioongezewa dozi walionekana kukingwa dhidi ya kulazwa hospitalini kwa takriban asilimia 85 katika mwezi wa kwanza hadi wa pili. Hao ni wauguzi na madaktari Waafrika, waliopata chanjo ile ile iliyoletwa kwetu. Kirusi kilibadilika, kinga ikaanza kushuka, na ushauri ukabadilika. Sayansi inapokiri kwamba hali imebadilika, haijasema uongo. Kosa letu lilikuwa kuwabadilishia watu ushauri bila kukaa nao chini tukawaeleza.

Wanasita kwa sababu gani?

Nimezungumza na wahudumu wengi kuhusu jambo hili. Siwaoni kama watu wakaidi. Sababu zao hujirudia, na kila moja inastahili jibu.

Wapo wanaosema, "Nilishaugua, nikapona." Ni kweli kuugua huacha kinga. Lakini nayo hushuka, na aliyeugua kisha akachanjwa huwa na kinga imara kuliko aliyetegemea kimoja tu.

Wapo wanaoogopa madhara. Hapa tuseme ukweli wote. Maumivu ya mkono, homa na uchovu wa siku moja au mbili hutokea kwa wengi. Chanjo ya Johnson & Johnson ilihusishwa pia na tatizo la nadra la damu kuganda. Takwimu za Marekani hadi mwishoni mwa 2021 zilionyesha takriban watu wanne kwa kila dozi milioni moja. Ni wachache sana, lakini si sifuri, na mhudumu anayeficha jambo hilo hapati kuaminiwa. Mwambie mtu ukweli wote, kisha umpe mizani: ugonjwa wenyewe huleta kuganda kwa damu mara nyingi zaidi kuliko chanjo.

Wapo wauguzi vijana, wengi wao wanawake, waliosikia kwamba chanjo inafunga kizazi. Uvumi huu ni wa zamani kuliko Uviko, na umewahi kuandama hata chanjo ya pepopunda. Hakuna ushahidi kwamba chanjo za Uviko-19 zinazuia kushika mimba. Lakini binti wa miaka 25 ambaye bado hajazaa haridhiki kwa kuambiwa "puuza". Anahitaji mtu wa kukaa naye, afungue data, ajibu.

Halafu kuna sababu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya mazingira ya kazi. Zahanati ya kijijini ina wahudumu wawili. Mmoja akipata homa baada ya sindano, nani atamzalisha mama anayekuja usiku? Chanjo iko makao makuu ya wilaya, barabara ina tope, nauli atatoa mfukoni. Mtu wa namna hii hajakataa nyongeza. Hakuna aliyeipeleka alipo.

Ugonjwa mwingine tunaousahau

Dharura ya Uviko-19 ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023. Wiki chache kabla, Machi, WHO ilikuwa imewaweka wahudumu wa mstari wa mbele katika kundi la kipaumbele cha juu kwa nyongeza, pamoja na wazee, wajawazito na wenye magonjwa sugu. Watoto wenye afya njema hawamo katika kundi hilo, kwa hiyo mzazi usihangaike. Lakini tusidhani kwamba Uviko ulipotulia, mjadala wa dozi zilizobaki nao umekwisha. Mfano ninaouona mzito zaidi kwa wahudumu wetu ni homa ya ini aina ya B.

Mhudumu akichomwa kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban mara 3 katika 1,000. Sindano ikitoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini B, na mhudumu hana kinga, uwezekano unaweza kufika 30 katika 100. Sote tunaogopa la kwanza, na la pili hatulizungumzi. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, wahudumu wapatao 600 walipopimwa, asilimia 7 walikutwa na maambukizi ya kudumu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015.

Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, na leo imo ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa hiyo mhudumu aliyezaliwa nchini kabla ya mwaka huo hakuipata utotoni. Anaihitaji ukubwani: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita kutoka ya kwanza. Na hapo ndipo tunaporudi kwenye tabia ya kuacha njiani. Mwezi mmoja mtu anakumbuka. Miezi sita anasahau, amehamishwa kituo, au chanjo imekwisha. Dozi mbili si tatu, na virusi havina huruma na aliyesahau.

Linakuhusu nini wewe?

Linakuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni usalama wako. Wodini hulazwa wasioweza kujikinga wenyewe: mtoto wa miezi minne ambaye umri wa chanjo ya surua haujafika, mgonjwa wa selimundu, babu mwenye kisukari, mama aliyejifungua jana. Mhudumu hupita kwa wote hao kwa zamu moja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hupokea wagonjwa kutoka kila wilaya ya Tanga, na mkoa wenyewe umepakana na Kenya pale Horohoro, watu wakivuka kila siku kwa biashara na kwa undugu. Penye mzunguko mkubwa wa watu, magonjwa nayo huzunguka. Tena mhudumu akiugua, mlango wa zahanati unafungwa, na aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni anageuka na kurudi.

Ya pili ni ulimi wa mhudumu. Tangazo la redio halina nguvu kama neno la muuguzi unayemjua. Akikwambia "mlete mtoto miezi 18 kwa surua ya pili, wangu pia nilimleta", utamleta. Akikunong'oneza "mimi mwenyewe hizi za kuongeza siziamini", neno hilo litafika Makorora kabla hujafika wewe, na jioni litakuwa Ngamiani yote. Hakulenga chanjo ya mtoto wako. Alizungumzia yake ya Uviko. Lakini masikio ya mtaani hayachambui. Husikia "nyongeza haifai", basi.

Surua ya pili ndiyo ninayoihofia zaidi. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya kwanza huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ya pili huwakamata wale ambao ya kwanza haikuwashika. Ilianza kutolewa nchini kwa ratiba ya kawaida mwaka 2014, na kwa wazazi wengi miezi 18 ni umri ambao mtoto anatembea, anakula ugali, na kadi ya kliniki imeshatupwa juu ya kabati.

Tuwalazimishe?

Wapo watakaosema dawa ni kulazimisha: asiyechanjwa asiguse mgonjwa. Naielewa hasira hiyo. Kuna nchi zilizofanya hivyo wakati wa Uviko, na baadhi zilipoteza wahudumu. Sisi hatuna wahudumu wa kupoteza. Ukimfukuza muuguzi mmoja katika zahanati ya wahudumu wawili, umewaadhibu wanakijiji.

Isitoshe, mtu aliyechanjwa kwa kutishwa hatamshawishi mwingine. Atachoma sindano, atanyamaza, na mnong'ono wake utakuwa mkali kuliko awali.

Wapo pia watakaosema mhudumu naye ni raia, mwili ni wake, usimwulize. Nakubali nusu. Mwili ni wake, lakini amechagua kazi inayomweka karibu na miili ya wengine ikiwa dhaifu. Tunamdai anawe mikono na avae glovu, na hatusemi tumemvunjia haki. Chanjo iko katika mstari huo huo.

Ninachopendekeza kwa waganga wakuu wa mkoa na wa halmashauri ni mambo manne. Chanjo za wahudumu zipelekwe kituoni, zamu ya asubuhi na ya usiku, badala ya kuwasubiri wilayani. Homa ya ini B asiambiwe mtu ajinunulie. Kila mhudumu awe na kadi yake ya chanjo, na mganga mfawidhi aikague kila mwaka kama anavyokagua dawa stoo. Na kabla ya kuletwa chanjo yoyote mpya au nyongeza mpya, wahudumu wakae kikao, waulize kila kitu, wajibiwe na mtu anayejua. Hata yule anayefagia wodi aitwe, kwani mfuko wa taka wenye sindano huubeba yeye.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, uliza. Huhitaji kumhoji mtu kama polisi. Sema tu, "Dada, samahani, ninyi hapa mmekamilisha chanjo zenu?" au "Daktari, kwa mgonjwa wangu mwenye kisukari, ipo nyongeza anayostahili?" Ukiuliza kwa upole, mhudumu mwema hatakasirika. Asipopenda kukujibu kuhusu yeye binafsi, mwachie, ni siri yake. Lakini swali likiulizwa na wagonjwa kumi kwa wiki, mganga mfawidhi atalisikia.

Pili, ukikutana na mhudumu mwenye mashaka, yatenganishe na chanjo ya mwanao. Mwulize: "Unazungumzia chanjo gani? Na hii ya mtoto, je?" Mara nyingi utagundua kwamba watoto wake mwenyewe wamechanjwa zote.

Tatu, itoe kadi ya kliniki juu ya kabati leo. Kama mtoto amepita miezi 18 bila surua ya pili, mpeleke, usione haya kwamba umechelewa. Kama wewe ni mjamzito, hesabu dozi zako za pepopunda, na kadi ya mimba ya kwanza usiitupe, kwani hesabu inaendelea kutoka pale ilipoishia.

Nne, kama wewe mwenyewe una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au umri mkubwa, uliza nyongeza zako bila kusubiri kuitwa.

Na kwa mhudumu wa afya unayesoma safu hii ukiwa mapumziko ya zamu: wagonjwa wako wanakutazama kuliko unavyodhani. Kama una swali kuhusu dozi uliyoiacha njiani, liulize waziwazi kwa mkubwa wako, na udai jibu. Ukilipata, kamilisha. Kisha mama atakapokuuliza, utakuwa na la kumwambia.

Tukutane wiki ijayo.